Tope Lililokwisha Kutumika: Kupima na Kutumia Upya Tope la Tiba katika Nyanda za Juu Kusini



Mhadhara huu una kusudi moja. Unataka kuonyesha kwamba tope linalobaki baada ya kumpaka mgonjwa wa viungo au wa ngozi linaweza kuwa mali au kuwa sumu, na kwamba kinachoamua ni vipimo vilivyofanywa mapema. Kwa hiyo swali la mahali litakapopelekwa linapaswa kujibiwa kabla beseni la kwanza halijajengwa kando ya chemchemi zetu.

Inafaa kueleza kwanza kinachozungumziwa. Tope la tiba, ambalo wataalamu huliita peloidi, ni mchanganyiko wa udongo laini na maji yenye madini, ulioachwa kwa muda ukaiva, kisha ukapashwa joto na kupakwa mwilini. Udongo wa namna hiyo hushika joto na kuliachia polepole, ndiyo maana mgonjwa huweza kuvumilia tope lenye nyuzi joto 42 hadi 45 kwa dakika 15 au 20, ambapo maji ya joto hilohilo yangemchosha mapema. Nafuu ya maumivu ya magoti na viungo vingine imeonekana katika tafiti za Ulaya, lakini nafuu si kupona, na anayetangaza kwamba tope linaponya kila maradhi anapaswa kuogopwa kuliko tope lenyewe.

Katika Nyanda za Juu Kusini hakuna bado biashara kubwa ya tope la tiba. Zipo chemchemi za maji moto: za bonde la mto Songwe magharibi mwa jiji la Mbeya, ambazo baadhi hutoa maji yenye joto linalozidi nyuzi 70, na za Kilambo na jirani zake upande wa Mbaka, chini ya milima ya Rungwe, ambako watu huenda kuoga. Kampuni ya Uendelezaji wa Jotoardhi Tanzania, TGDC, ambayo ni tanzu ya shirika la umeme, TANESCO, imeyafanyia utafiti maeneo ya Ngozi, Songwe na Kiejo-Mbaka, na pamoja na umeme hutajwa matumizi ya moja kwa moja ya joto, kama kukausha mazao, kupasha joto vitalu na kuogea. Mifano ya jirani inaonyesha mambo yanakoelekea. Tanga kuna chemchemi za salfa za Galanos karibu na Amboni, zilizopewa jina la mkulima wa mkonge wa Kigiriki. Uganda kuna Kitagata, ambako bwawa moja wenyeji wamelibandika jina la Mulago, kama hospitali kuu ya Kampala. Na Kenya shirika la KenGen limejenga bwawa la kuogea Olkaria, Naivasha, kwa maji yatokayo kwenye visima vya jotoardhi. Mbeya nayo itafika huko. Yafuatayo ni mambo ambayo ingefaa kuyajua kabla ya kufika.

1. Tope linalotoka si lile lililoingia

Kosa la kwanza katika fikra za watu wengi ni kudhani kwamba udongo ni udongo, na kwamba ukishatumika unaweza kumwagwa pale ulipochimbwa kwa kuwa umerudi nyumbani. Sivyo. Chembe za udongo mfinyanzi zina chaji za umeme zinazovuta na kushikilia madini yaliyoyeyuka, na uwezo huo hutofautiana sana kati ya aina na aina. Kaolini, udongo mweupe kama ule wa Malangali wilayani Mufindi, ni mpole, kwani kipimo chake cha kubadilishana chaji ni kama 3 hadi 15 katika sentimoli kwa kilo moja ya udongo. Smektaiti, udongo unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, hufikia 80 hadi 150. Sifa hiyohiyo inayoufanya udongo wa pili upendwe na waganga wa tope, yaani kubeba madini na joto kwa wingi, ndiyo inayoufanya ubebe pia uchafu kwa wingi.

Na uchafu huo hutoka wapi? Sehemu hutoka kwenye maji ya chemchemi, ambayo kila yanapoongezwa ili kulainisha tope huacha chumvi nyuma yanapokauka. Sehemu hutoka kwa mwogaji mwenyewe: jasho, mafuta ya ngozi, nywele, na vimelea vya tumbo na vya ngozi ambavyo joto la nyuzi 42 haliviui bali huvistawisha. Sehemu nyingine, na hapa wasikilizaji wanaombwa wasicheke, hutoka kwenye vipodozi. Mkorogo wa kujichubua ngozi, ambao mara nyingi huwa na zebaki ingawa vipodozi vyenye zebaki vimepigwa marufuku nchini, haubaki nyumbani mtu anapokwenda kuoga; tope lililotengenezwa makusudi ili lishike vitu kutoka kwenye ngozi litaushika. Nyumba ya tiba inayopaka tope kwa mamia ya watu kwa mwezi bila kuwauliza wamejipaka nini inakusanya zebaki kidogokidogo bila kujua, na hesabu ya zebaki hiyo itakuja kudaiwa mahali pengine, kama itakavyoonekana katika hoja ya tanuri.

2. Bila kipimo cha awali, hakuna kipimo

Wapimaji wengi hukimbilia tope lililotumika. Hilo ni nusu ya kazi, tena nusu ya pili. Ili kujua tiba imeongeza nini katika tope ni lazima ijulikane ardhi ilikuwa imeweka nini humo tangu mwanzo, na ardhi ya Mbeya si ya kawaida hata kidogo.

Maji ya Songwe hupanda kupitia nyufa za Bonde la Ufa na huacha juu ya ardhi mawe ya chokaa yaitwayo travatini, yaani chokaa inayoganda maji moto yanapotoa gesi yake ya kaboni hewani. Tope la hapo kwa hiyo litakuwa na chokaa nyingi. Si mbali na bonde hilo kuna Panda, kilima cha kabonatiti, mwamba wa volkano uliojaa chokaa badala ya silika, unaojulikana kwa madini ya niobi. Na madini yanayobeba niobi kwa kawaida hubeba pia urani na thori kidogo, ambazo ni vyanzo vya mionzi. Kaskazini kuna Chunya na machimbo ya dhahabu ya Lupa, yaliyoanza katika miaka ya 1920, ambako wachimbaji wadogo hukamatisha dhahabu kwa zebaki. Upande wa pili, Rungwe, udongo umetokana na majivu ya volkano ambazo mojawapo, Kyejo, ilitoa moto karibu mwaka 1800. Udongo huo mweusi, mwepesi, hushika maji na fosfeti kwa nguvu isiyo ya kawaida. Tena maji ya Bonde la Ufa, toka Ethiopia hadi kwetu, yanajulikana kwa floraidi, kiasi kwamba katika sehemu za Arusha meno ya watoto hubadilika rangi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita.

Kwa hiyo mtu akipima tope lililotumika Songwe akakuta zebaki, hawezi kusema kama ni ya mkorogo, ya machimbo au ya ardhi yenyewe, ila awe na daftari la kipimo kilichofanywa kabla. Akikuta mionzi, hali ni hiyohiyo. Na mwenye nyumba ya tiba asiye na daftari hilo atalaumiwa kwa dhambi za milima.

3. Vipimo vyenyewe na wenye kuvifanya

Hapa maelezo yatakuwa mafupi, kwani vipimo si siri. Hupimwa ukubwa wa chembe kwa chekecheo na kwa kuziacha zizame katika maji. Hupimwa unyevu, pH na upitishaji wa umeme, ambao huonyesha wingi wa chumvi. Aina za madini ya udongo hutambuliwa kwa miale ya eksirei. Metali nzito hupimwa maabara. Kipimo muhimu kuliko vyote, na ndicho kinachosahauliwa, ni cha kuyeyusha: tope hutikiswa katika maji safi kwa saa kadhaa, kisha hupimwa yale maji. Udongo unaweza kuwa na aseniki na usiitoe, au ukawa nayo kidogo na kuitoa yote mvua ya kwanza ikinyesha. Kinachomdhuru mwenye kisima bondeni ni kile kinachotoka. Mwisho hupimwa vimelea, hasa vile vya kinyesi na vile vinavyoshambulia vidonda.

Taasisi zipo. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini ya Dodoma ina maabara ya miamba, Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima kemikali, Tume ya Nguvu za Atomiki hupima mionzi, na kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole, nje kidogo ya jiji la Mbeya, inajua udongo wa mashamba ya ukanda huu. Kinachokosekana ni mtu wa kuwapelekea sampuli.

4. Matumizi mapya ya kwanza ni yaleyale ya zamani

Mtu akiulizwa tope lililotumika lifanyiwe nini, hukimbilia tofali au mbolea. Wenye uzoefu mrefu hulirudisha kazini. Katika miji ya Abano na Montegrotto, kaskazini mwa Italia, udongo huchukuliwa kutoka maziwa madogo ya jirani, huwekwa katika mabirika yanayopitiwa na maji moto ya chemchemi, na huachwa kwa siku 50 au 60 hadi vijimea vidogo vya kijani vienee juu yake na kubadili sifa zake. Tope likishatumika hurudishwa katika mabirika hayo, hupitiwa tena na maji ya moto, na huiva upya. Huko Ujerumani na Austria, ambako tiba hutumia udongo wa mimea iliyooza katika vinamasi, uliotumika hurudishwa katika kinamasi kilekile ukapumzika kwa miaka.

Kwa Songwe njia hii ina faida ya pekee, maana joto ni la bure. Maji yanayozidi nyuzi 70 yakipitishwa katika birika la tope kwa saa nyingi huua vimelea vingi ambavyo nyumba ya tiba isiyo na chemchemi ingelazimika kuviua kwa kuni au umeme. Lakini joto haliondoi zebaki wala chumvi, na kila mzunguko huziongeza. Ndiyo maana kurudia tope bila kupima upitishaji wa umeme na metali kila baada ya mizunguko michache ni kuahirisha taka tu, na kuzifanya kali zaidi siku ya kuzitupa.

Inafaa kutaja kwa kupita kwamba mambo huweza pia kwenda kinyume, taka zikawa tiba. Nchini Iceland maji yaliyomwagwa na kituo cha umeme cha Svartsengi, kilichoanza mwaka 1976, yalitengeneza ziwa lenye tope jeupe la silika. Watu wenye magonjwa ya ngozi wakaanza kuoga humo, na leo ni mojawapo ya mabwawa mashuhuri duniani. Kama visima vya Ngozi au Kiejo-Mbaka vitafikia kutoa umeme, Mbeya nayo itakuwa na silika ya kufikiria.

5. Tofali, vyungu, na hatari ya chokaa

Tope litakaloshindikana kurudiwa lazima liende mahali. Hesabu ya mfano itasaidia kuona ukubwa wa jambo. Ichukuliwe nyumba ya tiba inayohudumia watu 40 kwa siku, kila mmoja akapakwa kilo 15, kwa siku 300 za mwaka: jumla ni tani 180 za tope bichi. Nusu yake ikiwa ni maji, hubaki tani 90 za udongo mkavu. Lakini tope lilelile likitumiwa mara tano kabla ya kuachwa, kinachobaki ni tani 18. Mfyatua tofali akichanganya sehemu moja ya tope hilo na tisa za udongo wake wa kawaida katika tofali la kilo 3, kila tofali hubeba gramu 300, na tani 18 humalizika katika tofali 60,000. Kwa watu wa Mbalizi au wa mabonde ya Iringa, hiyo si kazi ya kutisha.

Tatizo ni tanuri. Udongo wa Songwe una chokaa, na chokaa ikipata moto wa nyuzi 800 hadi 900 hugeuka kuwa chokaa hai, ambayo baadaye hunywa unyevu wa hewa, huvimba, na kulipasua tofali likiwa tayari ukutani. Fundi aliyewahi kuona tofali zuri likitoa vidonda vyeupe baada ya mvua za kwanza anajua kinachosemwa. Dawa ni kuchekecha tope hadi pasiwe na punje inayozidi milimita moja, na kutumbukiza tofali ndani ya maji mara baada ya kutolewa tanurini, ili chokaa hai ikamilishe kuvimba kwake kabla ya ujenzi. Chumvi nyingi, kwa upande wake, huchora ukungu mweupe ukutani, jambo ambalo halivunji nyumba ila humuudhi mwenye nyumba.

Sasa hesabu ya zebaki inadaiwa. Moto wa tanuri hufunga metali nyingi ndani ya tofali, lakini zebaki haifungwi; hupaa na moshi muda mrefu kabla tofali halijaiva, na anayeuvuta moshi huo ni mchoma tofali na watoto wake. Tope lenye zebaki halina nafasi tanurini, hata likiwa limefaulu vipimo vingine vyote.

Wafinyanzi nao wana haki ya kuuliza. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, pwani ya Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao huvushwa kwa mitumbwi hadi Matema na kuuzwa Kyela na hata mbali zaidi, wana udongo wao na hawahitaji wa mtu. Endapo watapewa tope la tiba, liwe la vyungu vya maua na vigae, kamwe lisiwe la chungu cha kupikia, kwa sababu chakula chenye uchachu huchota metali kutoka kwenye kuta za chungu. Soko la majiko banifu, ambayo yanahitaji udongo unaoshika joto, linaonekana kuwa mahali pazuri zaidi pa kujaribia.

6. Shamba liwe la mwisho

Pendekezo linalotolewa haraka kuliko yote ni kulimwaga tope shambani, na ndilo linalopaswa kutazamwa kwa shaka kuliko yote. Kweli, chokaa ya Songwe inaweza kupunguza tindikali ya udongo, na mahindi na maharage ya sehemu zenye mvua nyingi yangefaidika. Lakini chai ya Rungwe na ya Mufindi hutaka udongo wenye tindikali, na kuiwekea chokaa ni kuihujumu; viazi mviringo vya Uporoto navyo hupata ugonjwa wa magamba zaidi udongo unapopungua tindikali. Juu ya hayo kuna chumvi. Maharage huanza kupunguza mavuno upitishaji wa umeme katika udongo ukifikia desisimensi 1 kwa mita, na mahindi kama 1.7, na sodiamu, ambayo ni nyingi katika maji moto ya namna hii, hutawanya chembe za udongo hadi ardhi ikawa kama sakafu isiyopitisha maji. Wakulima waliopo hapa wasilipokee gari la tope la bure mpaka mleta gari aonyeshe karatasi ya TARI Uyole.

7. Mahali ambako tope lisifike

Mto Songwe unaopita kwenye chemchemi huelekea Ziwa Rukwa, si Ziwa Nyasa kama ule Songwe mwingine wa mpakani na Malawi, na Rukwa halina mto unaotoka. Kila chumvi na kila metali inayoingia hubaki humo na samaki. Upande wa Kilambo maji huishia Ziwa Nyasa, ambalo hubadilisha maji yake polepole mno kupitia mto Shire. Hakuna bonde kati ya haya mawili lenye ruhusa ya kupokea tope kwa bomba.

Tope hilo lisifike pia katika mikono ya wauza udongo wa kula, ile pemba inayopendwa na mama wajawazito, kwa kuwa udongo laini uliokaushwa hautambuliki kwa macho ulikotoka. Na mashimo ya kuhifadhia tope karibu na Kyejo yasichimbwe kwa kina bila tahadhari: kaboni dayoksaidi, ambayo kampuni ya TOL Gases huivuna huko Rungwe kibiashara, hutuama mabondeni bila harufu, kama ile iitwayo mazuku huko Goma, Kongo, na huua mtu aliyeshuka shimoni peke yake.

Ndugu Mwenyekiti, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira chini ya usimamizi wa baraza la taifa la mazingira, NEMC, na inaziachia serikali za mitaa jukumu kubwa la taka ngumu. Hakuna haja ya kusubiri sheria mpya. Halmashauri itakayopokea ombi la kwanza la kujenga nyumba ya tope inaweza kuandika katika masharti yake mambo matatu: kipimo cha awali cha udongo na maji, daftari la mizunguko ya kila birika, na jina la mahali ambapo tope la mwisho litakwenda, likiwa limesainiwa na atakayelipokea.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya na wa Mkwawa kule Iringa wanaombwa wasiisubiri halmashauri. Sampuli zinazohitajika ni mbili kwa kila chemchemi, ya kiangazi na ya mvua, maana chumvi za Septemba si chumvi za Machi. Mvua huanza Novemba. Ya kiangazi ichukuliwe kabla ya hapo.